Nyumba ya Binti kwenye Kiwanja cha Baba

Nyumba ile bado ipo kwenye kalenda. Kila mwaka kikundi cha watu wa ng'ambo ninachokifanyia kazi huchapisha kalenda ya kuwauzia majirani zao, na mwezi mmojawapo lazima uwe na ile picha: bati jekundu, mlango mpana, ukungu wa Mgeta kwa nyuma, binti amekaa barazani kwenye kiti chake cha magurudumu na baba yake amesimama pembeni, amevaa shati la Jumapili. Hunitumia nakala moja kwa posta. Sijawahi kuitundika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Morogoro mjini. Nilipostaafu sikuweza kukaa kibarazani kuangalia kuku wakipigana, kwa hiyo niliposikia kuna kikundi kinatafuta mtu wa kuwasaidia kuzifikia familia zenye watoto wenye ulemavu, nikajitosa. Ni kikundi kidogo. Hakina ofisi wala gari lenye nembo mlangoni. Ni wastaafu wa mji mmoja wa baridi huko kwao, wanaooka keki na kuuza nguo walizochoka kuzivaa, wakiongozwa na mama mmoja aliyekuwa muuguzi. Nasema mapema kwamba sina ugomvi nao. Watu wakisikia habari za namna hii huanza kutafuta mzungu wa kumlaumu. Hapa mtafuteni mtu mwingine, wala hamtachoka kumtafuta.

Kazi yangu ilikuwa kupanda milimani, kukaa na familia, kuuliza, kujaza fomu, kupiga picha kwa simu na kutuma. Wao hawakujua Kiswahili na familia hazikujua Kiingereza, kwa hiyo kila walichokijua kuhusu Uluguru kilipita mdomoni mwangu kwanza. Nikichoka, walipata ukweli mfupi. Nikifurahi, walipata mrefu. Hayo ni madaraka makubwa, na hakuna mtu aliyekuja kuyakagua.

Familia hii niliikuta Mgeta. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano na mtindio wa ubongo. Miguu haikumtii, mkono mmoja ulijikunja kifuani, na maneno yake yalikuwa machache, lakini hakuna lililompita. Ukisema uongo mbele yake alikuwa anakukazia macho mpaka unajirekebisha. Mama yake alikuwa bado anambeba mgongoni kama mtoto wa kunyonya, kwenda chooni, kwenda juani, kurudi ndani, na kiuno cha yule mama kilishaanza kugoma. Alikuwa akitembea amejishika, hata siku ambazo hakubeba kitu.

Tena binti huyu alikuwa na baba. Naliandika hili kama jambo la ajabu kwa sababu katika kazi ile ni la ajabu kweli. Nimezoea kuuliza baba yuko wapi nikaambiwa yuko Dar, yuko Ifakara, yuko machimboni, na maana ya majibu yote hayo ni moja. Huyu alikuwepo. Alikuwa mkulima wa karoti na kabichi, mtu mkimya. Jumapili alimfunga binti mgongoni kwa kitenge cha mkewe, mwanaume mzima, akashuka naye kwenda Misa watu wakitazama. Niliandika habari zake kwa urefu. Yule mama muuguzi alinijibu kwamba waliisoma barua ile kwa sauti kwenye mkutano wao na watu wakalia. Wakaamua kuijengea familia hiyo nyumba yenye mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu, sakafu ya simenti, njia ya mteremko badala ya ngazi, na choo cha kukalia chenye vyuma vya kushikilia.

Sasa nyumba inataka ardhi, na hapa lazima nieleze kitu ambacho kwetu hata mtoto wa darasa la pili anakijua. Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa kwa mama. Ukoo unafuata mama, na ardhi inafuata ukoo. Mwanaume hulima na hujenga kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, na siku akifa ardhi ile haishuki kwa watoto wake. Inarudi kwa watoto wa dada zake, kwa sababu wao ndio wa ukoo. Wanawe yeye wana kwao, kwa wajomba zao. Hakuna anayeona huo ni wizi. Ndivyo ilivyo, na watu wamezaliwa na kuzikwa nayo.

Viwanja vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha baba, kando ya barabara, pale malori ya mboga yanapogeuzia, tambarare kama kiganja. Cha pili kilikuwa juu, kwenye ardhi ya ukoo wa mama, nusu saa kwa miguu kwa njia ya matuta ambayo mbuzi mwenyewe anaifikiria kabla ya kukanyaga.

Nilikwenda juu kukiona. Mjomba wa mama, mzee mwenye ndevu chache na hasira za karibu, alikuwa anapalilia karoti. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinuka, akaendelea kung'oa magugu huku nikimweleza habari za wafadhili na simenti na mabati. Nilipomaliza ndipo akanyoosha mgongo.

"Mwalimu, nyumba ya huyu mtoto ijengwe kwao," akasema. "Hapo barabarani si kwao. Wewe si mgeni, unajua."

Nikamwambia lori haliwezi kufika huku. Akasema kijiji kitabeba: kila mtu akitoka Misa Jumapili apande na matofali mawili kichwani, na wanawake wa ukoo watabeba mchanga kutoka mtoni. Walikuwa wamebeba hivyo kwa ajili ya kanisa la kigango, watashindwaje kwa mtoto wao? Nilitabasamu kwa adabu. Moyoni nilikuwa nahesabu Jumapili zilizobaki kabla ya masika, na namfikiria yule mama muuguzi, ambaye alishakata tiketi ya kuja kuzindua, na magoti yake mabovu. Nikamjibu mzee kwamba tutaangalia. Ni neno nililowazoesha wazazi wa wanafunzi wangu kwa miaka thelathini, na nilikuwa nalitumia pale tu nilipokuwa nimeshaamua.

Sababu moja ilikuwa ya kweli, nisijionee kupita kiasi. Kule juu kiti cha magurudumu hakina pa kwenda. Barabarani binti angeweza kusukumwa mpaka dukani, akaona malori, akaona watu. Nilijituliza kwa sababu hiyo kila nilipomkumbuka yule mzee. Lakini mtu mwenye sababu moja nzuri na tano za uvivu ataitaja ile moja tu, na mimi niliitaja kwa kila aliyeniuliza, na kwa wengine ambao hawakuniuliza.

Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuandika mkuu wa kaya. Nikaandika jina la baba. Mahali pa mmiliki wa kiwanja, nikaandika jina la baba. Mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, baba akatia sahihi polepole, herufi moja moja, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili. Kule ng'ambo walifurahi mno. Kwao baba aliyebaki na mtoto wake alistahili kuwa na nyumba kwa jina lake. Ningeweza kuandika mistari mitatu tu, kuwaeleza kwamba jina hilo ndilo litakalomtoa mtoto ndani. Sikuiandika. Ingeleta maswali, maswali yangeleta kuchelewa, na mvua haingojei mtu.

Wala nisiseme sikufikiria. Mimi mwenyewe nina shamba la ndizi Matombo. Lilikuwa la mjomba wangu, kaka wa mama. Alipofariki, mimi na ndugu zangu tulikaa kikao, tukamwambia mjane wake kwa upole kabisa kwamba msimu ukiisha arudi kwao na watoto. Alitandika kitanda, akafagia uwanja, akaondoka na kuku wake wawili kwenye tenga. Tulimsindikiza mpaka njia panda na kumshukuru. Ndizi za shamba lile nimezila miaka ishirini, na hakuna hata siku moja ziliponikwama kooni.

Nyumba ilisimama kabla ya masika. Yule mama muuguzi hakuja kuizindua, magoti yalimkatalia dakika za mwisho, nikamtumia picha. Fundi alikuwa wa hapohapo, alielewa upesi, hata vyuma vya chooni alivifunga mara mbili baada ya kukaa mwenyewe na kujipima. Siku ya kuhamia, binti alikaa kwenye kiti cha magurudumu walichomnunulia wafadhili, akajisukuma kwa mkono wake mmoja mpaka mlangoni, akaufungua. Akaufunga. Akaufungua. Alikuwa hajawahi maishani mwake kufungua mlango. Watu walikuja na pilau na ngoma, yeye hakuwa na habari nao, alikuwa na mlango wake. Mama yake aliniambia wiki ya kwanza ilikuwa inampa kizunguzungu: anaamka, anainama kumbeba, anakuta mtoto ameshafika chooni peke yake. Kama kazi yangu ingeishia siku ile, ningekufa na jina zuri.

Mwaka wa pili baba alikufa. Alikuwa amepanda juu ya kabichi zake kwenye lori la kwenda Dar, lori likaacha njia kwenye mteremko, wakatolewa maiti watatu na mmoja alikuwa yeye. Nilipanda kwenda kuzika. Binti alikuwa barazani kwenye kiti, amevalishwa gauni jeusi la mtu mkubwa, na kila aliyeingia alimshika mkono.

Matanga yalipoisha, ukoo wa marehemu ulikaa. Kiwanja kikaenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa, kijana wa makamo mwenye mke na watoto wanne waliokuwa wamepanga chumba kimoja. Nilitamani sana awe mlevi au mwizi. Hakuwa. Alimwita mjane shangazi kwa heshima, akamwambia hana haraka, wavune kwanza maharage, na wakihama yeye mwenyewe atawabebea kabati. Alisema yale yale tuliyosema sisi Matombo, na kwa sauti ile ile.

Ndipo nikapata hasira, nilizotakiwa kuwa nazo tangu mwanzo. Nilipanda Mgeta na faili langu kwapani, nikaingia kwa mtendaji kama askari, nikamwekea ile karatasi mezani na kumwambia nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu, nani ana haki ya kumtoa? Mtendaji aliisoma taratibu, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna kingine.

"Mwalimu," akasema, "hii karatasi yako ndiyo inayosema kiwanja ni cha marehemu. Mtoto hatajwi."

Mjini nilimtafuta mwanasheria. Aliniambia sheria ya nchi iko upande wa mjane na mtoto, kesi inaweza kusimama, labda hata kushinda. Nikarudi na habari hiyo mbio mbio. Mama wa binti alinisikiliza huku anachambua maharage. Nilidhani atalia kwa furaha. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Nikishinda, Mwalimu, nitaishi na nani pale?"

Angekaa kwenye nyumba ya kesi, katikati ya ardhi ya watu wasiomsalimia, na mtoto ambaye siku mama akiumwa anahitaji jirani wa kumwinua. Wale wa kumwinua wako juu, kwa mjomba. Aliyajua haya bila mwanasheria. Na mimi pia niliyajua tangu siku ya zile karoti.

Walihama baada ya maharage. Mpwa alibeba kabati, kama alivyoahidi. Juu kule walipewa chumba kwenye nyumba ya kaka yake mama, chenye mlango mwembamba na kizingiti kirefu, na choo kiko ng'ambo ya matuta mawili. Kiti hakikuwa na maana yoyote huko, kikabaki chini, na mke wa mpwa akakifunika kwa kitenge ili kisishike vumbi. Binti akarudi mgongoni kwa mama yake, sasa ana miaka kumi na saba na kilo zake. Ile njia ya mteremko mpwa aliona ina faida: anapitisha mkokoteni wa viazi mpaka ndani bila kushusha hata gunia moja. Alinionyesha kwa furaha, akanisifu kwa fundi niliyemchagua.

Mzee wa karoti sikumwona, au niseme nilihakikisha simwoni. Nilisikia amesema tu kwamba kiwanja cha juu bado kipo.

Kule ng'ambo sikuwaambia. Hii ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote. Niliwaandikia kwamba baba amefariki, wakanitumia salamu za rambirambi zenye sahihi za watu wengi. Wakauliza familia inaendeleaje, nikajibu inaendelea vizuri, wamejipa moyo. Nilijitetea kwamba nikisema nyumba imepotea watakata tamaa, na nina familia nyingine kwenye orodha, Dumila na kwingine, zinazosubiri. Huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa kuonekana mjinga na mtu anayeniita kwenye barua zake macho na masikio yetu.

Halafu yule mama muuguzi akaandika kwamba safari hii anakuja, magoti au si magoti, na kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni nyumba ya binti.

Nilikuwa na wiki tatu za kusema kweli. Nikazitumia kupanga uongo. Nilimwomba mpwa aniachie nyumba kwa siku moja, akakubali bila kuuliza, akatoa viazi, mkewe akapiga deki. Nikapanda juu kumwomba mama wa binti ashuke naye, wakae barazani saa mbili tu. Alisema atakuja ili nisiaibike, kwa sababu mimi nilihangaika kwa ajili yao. Hakuwa ananisuta. Laiti angekuwa ananisuta.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri, kama unaweza kuiita vizuri. Mama alishuka matuta yote na mzigo wake mgongoni, nusu saa ikawa saa nzima na ushee, alipofika jasho lilikuwa limelowanisha kanga mpaka kiunoni. Tukamketisha binti kwenye kiti. Kabla sijamtengeneza nguo alikwishaondoka, yuko mlangoni, yuko chumbani, anagusa ukuta, yuko chooni amejishikilia kwenye vyuma vyake. Mgeni alifika, akamkumbatia, akamkumbatia na mama, akanikumbatia na mimi, akaniambia kwa machozi kwamba maisha yake yote hajafanya jambo jema kuliko nyumba hii. Nilitafsiri maneno hayo kwa ukamilifu. Mpwa na mkewe walisimama nje na majirani, wakapiga makofi. Picha zikapigwa. Chai ikanywewa. Gari likaondoka na mgeni, mimi nikasema nitabaki kidogo na familia.

Binti alikuwa chumbani. Mke wa mpwa alikuwa uwanjani na watoto wake, anasubiri kwa adabu, hata hakusogelea mlango. Mama akaja karibu yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie wewe, Mwalimu. Mimi nilimwambia tunakuja kusalimia wageni, hakutaka kunisikia. Wewe anakuamini."

Niliingia nikachuchumaa mbele ya kiti. Mimi na yeye tulikuwa watu wa utani. Nilikuwa namwambia nimekuja kumchukua akanifulie mjini, yeye ananionyesha mlango kwa kidevu. Safari hii nilimshika mkono ule mzima. Nikamwambia kwamba nyumba hii si yake tena, ni ya watoto wa shangazi yake, na kwamba mimi ndiye niliyekosea, si mama yake, na sasa tunapanda juu na hatutarudi kulala hapa.

Alinikazia macho kama kawaida yake, kutafuta uongo. Kwa mara ya kwanza hakuupata. Basi akacheka. Alicheka mpaka udenda ukamtoka, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Mama yake akainama mbele ya kiti, nikampandisha mgongoni, nikafunga kitenge mwenyewe. Alikuwa bado anacheka tulipopita uwanjani, tulipovuka barabara, na tulipoanza kupanda matuta, akigeuza shingo kuniangalia nitasema lini kwamba ni utani. Tulipofika tuta la tatu akanyamaza.